Ziara ya minara ya Ngome Kongwe: saa mbili Forodhani pamoja na ami yangu

Mwezi uliopita nililipa shilingi 60,000 kwa ajili ya ziara ya saa mbili ya kuongozwa katika Ngome Kongwe, pale Forodhani, Unguja Mjini. Tulikuwa watu watatu: mimi, binti yangu anayesoma darasa la saba, na ami yangu aliyekuja kutoka Chake Chake kutibiwa mtoto wa jicho, ambaye kwa miaka yote aliyopita mbele ya ngome ile akielekea bandarini hakuwahi kuvuka mlango wake. Ziara iliuzwa kwa jina la historia ya minara na kuta, na hilo ndilo lililonivuta, kwa kuwa nimechoka na zile ziara zinazomzungusha mtu mji mzima, kutoka Darajani hadi Mkunazini na kutoka Mkunazini hadi Shangani, akarudi nyumbani na picha nyingi za milango na asijue hata mmoja ulitengenezwa kwa nini. Kijana aliyetuongoza sitamtaja, wala wale anaowafanyia kazi, kwa sababu malalamiko niliyokuwa nayo nilimweleza mwenyewe kabla hatujaagana.

Mwanzo haukuwa mzuri. Alitupokea kwa neno "jambo", ambalo Mzanzibari hamwamkii Mzanzibari mwenziwe, akaingia moja kwa moja katika maelezo ya Kiingereza aliyoyahifadhi kama shairi. Ami, aliyevaa kanzu na kofia na kushika bakora, alimwacha amalize sentensi mbili, kisha akamtolea salamu ya Kiislamu. Kijana akaitikia, akatahayari, akasema, "Shikamoo mzee wangu." Ami akamjibu, "Marahaba mwanangu. Haya, tuanze upya." Tangu hapo ziara ikawa ya Kiswahili, ingawa kwa robo saa ya kwanza ilionekana wazi kwamba mambo anayoyajua vizuri aliyajua katika lugha ya watu wengine, na kila alipofika penye neno la kitaalamu alisimama kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta funguo hazimo. Vile vipande vya ukuta vilivyosimama safu juu ya kuta, vyenye nafasi kati ya kimoja na kingine, hakuwa na jina lake. Ami alimpa: meno.

Sehemu iliyostahili fedha zetu ilikuwa nje, chini ya kuta, kabla hatujaingia. Wageni wengi hupita hapo haraka kwa sababu ya jua na kwa sababu bustani ya Forodhani, iliyo mbele yake, inavutia zaidi macho. Sisi tulifika saa mbili asubuhi, wakati kivuli bado ni kirefu, na kijana akatusimamisha pale ambapo mnara wa duara unatokeza mbele ya mstari wa ukuta. Akamwambia binti yangu akajibanze ukutani, agandamane nao kabisa kama mjusi. Kisha akaniuliza mimi: mlinzi aliyesimama juu ya ukuta huo, sawasawa juu ya kichwa cha mtoto, atamwonaje? Hamwoni, isipokuwa ajitokeze nusu ya kiwiliwili chake nje, na akijitokeza hivyo atapigwa. Akaniongoza hadi ubavuni mwa mnara, akaniambia nitazame tena. Kutoka hapo mtoto alionekana wote, tangu utosi hadi kandambili, na kila hatua ya mguu wa ukuta ilikuwa wazi mbele yangu. Ndiyo kazi ya mnara wa ngome. Watu hudhani umejengwa ili mtu aone mbali, na kuona mbali umo, lakini kazi yake kubwa ni kuona karibu, yaani kuulinda mguu wa ukuta ambao ukuta wenyewe hauwezi kujilinda. Nimesoma maelezo ya ngome kadhaa na sikuwahi kulielewa jambo hilo kama nilivyolielewa kwa mtoto wangu kugeuzwa mjusi.

Aliendelea kueleza kwa nini mnara ni wa duara. Pembe ya jengo la mawe ndiyo sehemu yake dhaifu, kwa sababu mawe ya pembeni hayana jirani upande mmoja, na adui akiyang'oa machache kwa mtaimbo, au akiyapiga kwa mzinga, pembe nzima huporomoka. Duara halina pembe ya kung'olewa, na risasi ya mzinga inayofika kwa mshazari huteleza badala ya kuzama. Hilo ni kweli, nalo ni wazo la zamani sana. Miji ya zama za kati, iwe ya Waarabu au ya Wazungu, ilijaa minara ya namna hii. Lakini hapa kijana alisimama, na nafikiri alipaswa kwenda hatua moja zaidi, kwa sababu mlango wa historia yenyewe upo hapo. Wakati Ngome Kongwe inajengwa, Wazungu walikuwa wameshauacha mnara wa duara kwa muda mrefu. Duara nalo lina aibu yake: mbele ya tumbo lake kuna pahala padogo ambapo ukuta wa jirani hauwezi kupaona, na mchimbaji wa baruti akifika hapo amesalimika. Kwa hiyo Wataliano walibuni ngome za pembe kali zilizochongoka mfano wa ncha ya mkuki, ambazo kila upande wake unaangaliwa na upande mwingine. Anayetaka kuona mtindo huo hana haja ya kwenda Ulaya. Avuke hadi Mombasa akaangalie Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati aliyekuwa akiwatumikia Wareno.

Waomani waliojenga Ngome Kongwe waliijua Fort Jesus kuliko mtu yeyote duniani, maana waliizingira tangu Machi 1696 hadi Disemba 1698, miezi 33, ndipo wakaitia mkononi. Na bado walipokuja Unguja kujenga yao hawakuiga pembe zile. Walijenga kama walivyojenga kwao Omani, ambako nusu karne nyuma Imamu Sultan bin Saif, wa ukoo wa Yaruba, alikuwa ameinua ule mnara mnene wa duara wa Nizwa. Mimi naliona hilo kuwa jambo la maana kuliko yote yanayoweza kusemwa kuhusu minara ya Forodhani: kwamba ni minara ya watu waliojenga kile mikono yao ilichokizoea, kwa haraka, katika nchi ambayo bado hawakuiamini. Kazi ilianza baada ya Mombasa kuanguka mwaka 1698, na mwaka 1701 hivi ngome ikawa imesimama.

Hawakuiamini nchi kwa sababu gani? Swali hili lilitoka kwa ami, na kijana alilijibu vizuri, ingawa kwa ufupi mno. Hofu ya kwanza ilikuwa ni ya baharini. Wareno walikuwa wakija visiwani hivi tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 16. Mwaka 1503 Ruy Lourenço Ravasco alikuja na jahazi moja lenye mizinga, akakamata vyombo vya wenyeji, na mtawala wa Unguja akalazimika kukubali kulipa kodi ya mithqal 100 (kipimo cha uzito) za dhahabu kila mwaka. Watu waliofanya hivyo wangeweza kurudi, na kwa kweli walirudi Mombasa kwa muda mfupi miaka ya baadaye. Lakini ilikuwepo hofu ya pili, na ya pili ilikuwa nyuma ya ngome wala si mbele yake. Unguja wakati ule ilikuwa na mtawala wake, Mwinyi Mkuu Fatuma, ambaye wengi tunamwita Malkia Fatuma, na katika vita vya Mombasa yeye alikuwa upande wa Wareno. Inasimuliwa kwamba alipeleka majahazi ya chakula kwa waliozingirwa Fort Jesus. Vita vilipokwisha alikamatwa, akapelekwa Muskat, akakaa huko takriban miaka 10 kabla ya kurudishwa kwao. Makazi yake yalikuwa hapo hapo pwani, mahali ambapo baadaye Sultan Barghash alijenga Jumba la Maajabu mwaka 1883, yaani mlango wa pili kutoka ngomeni.

Kwa hiyo ukisimama katika ua wa ngome na ukakumbuka kwamba jirani wa askari wale alikuwa ni nyumba ya malkia waliyemhamisha, utaacha kushangaa kwa nini kuta za upande wa mji ni ndefu na zimefungwa sawa na za upande wa bahari. Kijana alitaja habari za Fatuma katika sentensi mbili, akakimbilia habari za Sultan Barghash na lifti ya Jumba la Maajabu. Nilimrudisha. Nilimwambia kwamba kama ziara ni ya minara, basi Fatuma ni wa minara, na Barghash ni wa ziara nyingine.

Ndani, kinyume na nilivyotarajia, kitu kikubwa kilikuwa ni ukuta tu. Ngome ina nyua mbili, na katika ua mkubwa yamebakia mabaki ya jengo la kabla ya ngome, yaliyomezwa na ukuta wa Waomani. Hilo lilikuwa kanisa la Wareno, lililojengwa kati ya mwaka 1598 na 1612, na karibu yake ilikuwepo nyumba ya biashara. Waomani hawakuvunja kila kitu. Jiwe lililokwisha kukatwa na kupandishwa ni mali, na fundi mwenye haraka hatupi mali. Kijana alituonyesha mahali ambapo uashi unabadilika, na hapo nilimpa alama zote, kwa sababu peke yangu ningepita mara 100 nisione. Ami hakuona pia, kwa sababu ya macho yake, lakini alifanya jambo lililotunyamazisha. Aliweka bakora kwapani, akapitisha kiganja juu ya ukuta taratibu, kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe, akafika mahali akasimama. "Hapa mkono umebadilika," akasema. Upande mmoja mawe yalikuwa yamepangwa karibu karibu na chokaa nyembamba kati yake; upande wa pili yalikuwa makubwa kwa madogo, yamejaziwa kifusi. Kidole chake kilitoka cheupe kama aliyeshika unga. Katika jiwe moja, usawa wa kifua cha binti yangu, kulikuwa na alama za nyota ndogo ndogo zilizopangika kama kitambaa cha kofia, nazo ni nyumba za wale wadudu wa matumbawe waliolijenga jiwe lenyewe baharini kabla ya mtu yeyote kulichonga. Mtoto alizihesabu hadi akachoka.

Ni hapo pia tulipozungumzia jina. Ami alisema kwamba wazee wake hawakuwa wakisema Ngome Kongwe, walikuwa wakisema Gereza, na kijana akafurahi akaeleza kwamba ni kwa sababu ngome iligeuzwa jela katika karne ya 19. Jela iligeuzwa kweli, na watu waliohukumiwa kifo walikuwa wakiuawa nje ya kuta. Lakini maelezo hayo yamemweka mkia mbele ya kichwa. Neno lenyewe limetoka kwa Wareno, ambao kanisa huliita igreja. Wenyeji wakalitamka gereza, jina likabaki mahali hapo hata kanisa lilipokwisha na ngome kusimama juu yake, na ngome ilipowekwa wafungwa, neno likahamia kwa wafungwa. Kilwa Kisiwani nako ngome huitwa Gereza. Leo mtu yeyote kuanzia Lamu hadi Kigoma anayesema fulani yuko gerezani anasema, bila kujua, kwamba yuko kanisani. Nilimwambia kijana ayaweke hayo katika maelezo yake, na nikamwona akiandika kwenye simu, jambo ambalo nalihesabu upande wa sifa zake.

Kuhusu vita, ngome hii haina mengi ya kujivunia, na ziara haikujaribu kuyatia chumvi. Shambulio linalotajwa ni lile la Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, mwaka 1754, lililoongozwa na liwali wao Ali bin Uthman, ambaye alikaribia kuitwaa Unguja lakini akauawa katikati ya vita hivyo na mtu wa ukoo wake mwenyewe, na jeshi likarudi Mombasa. Kuta zilisaidia, bila shaka, lakini kisu cha ndugu kilisaidia zaidi.

Baada ya hapo minara ikawa ni mandhari. Mizinga ya meli ilikuwa imekua kuliko kuta. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipoipiga kasri ya Sultani kutoka bandarini kwa muda usiozidi dakika 45, mnara ulioharibika ni ule mrefu wa saa na taa uliokuwa mbele ya majumba, na hakuna aliyefikiria kukimbilia ngomeni kupigana kutoka humo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngome ikawa karakana ya reli iliyokwenda Bububu. Mwaka 1949 ikakarabatiwa, na ua ambao wafungwa walikaa ukafanywa uwanja wa tenisi wa wanawake. Nilimtazama binti yangu wakati hilo linasemwa, na nikaona kwamba katika historia yote ya miaka 300 hilo ndilo aliloondoka nalo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 uwanja ukaachwa. Katika miaka ya 1990 pakatengenezwa ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, na tangu mwaka 2004 tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika humo. Yote haya kijana aliyapitia kwa dakika kumi, na kwa maoni yangu zilitosha.

Kisha ikatokea mchepuko ambao haukuwa katika ratiba, nami nauweka hapa kwa sababu uliongeza thamani ya ziara kuliko sehemu nyingi zilizolipiwa. Kijana alisema, kwa kujiamini, kwamba Ngome Kongwe ndiyo ngome ya zamani kuliko zote visiwani. Ami alikohoa. "Na Pujini je?" akauliza. Kijana hakuwahi kufika Pemba, basi kwa robo saa mgeni akawa ndiye mwongozaji, tumekaa watatu kwenye ngazi za ukumbi na yeye amesimama mbele yetu na bakora yake.

Pujini iko upande wa mashariki wa Pemba, kiasi cha kilomita 10 kutoka Chake Chake, karibu na mkono wa bahari wenye mikoko. Ni ya karne ya 15, yaani Wareno hawajafika na Waomani hawajafikiriwa. Watu wa mambo ya kale waliochimba pale, akiwemo Adria LaViolette kutoka Marekani, wanaiona kuwa ni kitu cha peke yake katika pwani yote, kwa sababu miji mingine ya Waswahili wa zama hizo ilikuwa na kuta za mji, lakini boma lililofungwa pande zote kwa tuta na kuta kwa ajili ya kujihami halikuwa la kawaida. Chini ya ardhi kuna chumba kidogo cha kushukia kwa ngazi, na katika lipu ya ukuta wake kuna umbo la siwa, ile pembe ya wafalme. Mwenye boma katika masimulizi ni Mkama Ndume, jina la kupanga, maana yake mwenye kukamua wanaume, na jina lake halisi linatajwa kuwa ni Muhammad bin Abdulrahman. Kila mtoto wa Pemba ameambiwa kwamba aliwabebesha watu wake mawe kichwani huku wakijisogeza kitako, na kwamba kisima chake kiligawanywa ili wake zake wawili wateke maji bila kuonana. Ami aliyasimulia haya kwa raha kubwa, kisha akaongeza, "Hayo ya kitako ni maneno ya watu. Tuta lipo, nendeni mkalione." Kijana aliniambia baadaye kwamba angeomba ruhusa avuke kwenda Pemba. Aanzie Chake Chake, ambako ngome ya mjini imefanywa makumbusho, na ambayo ina jambo la kumfaa mtu wa minara: minara yake haifanani, mingine ni ya duara na mingine ya mraba.

Narudi kwenye ziara. Kulikuwa na jambo moja ambalo kijana alilijua kwa undani, akaniambia kuwa babu yake alikuwa mwashi, nalo ni chokaa. Alieleza jinsi mawe ya matumbawe yanavyopangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa usiku kucha na zaidi, yakalainika, yakamwagiwa maji, na unga wake ukaachwa muda mrefu upoe kabla ya kutumika. Ukuta wa chokaa, alisema, unapumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari hutoka taratibu kupitia lipu. Ukija ukapiga saruji juu yake, unyevu unabaki ndani, chumvi inakuwa fuwele nyuma ya lipu, na siku moja bamba zima linaanguka pamoja na uso wa jiwe. Alituonyesha, si ngomeni, bali kwenye nyumba moja ya uchochoro wa nyuma, bamba kama hilo lililokuwa limevimba. Aligonga kwa kifundo cha kidole na likatoa sauti ya debe tupu. Ngomeni akagonga tena, penye chokaa ya zamani, na hapakuwa na sauti isipokuwa ya kifundo chenyewe. Tangu sehemu ya Jumba la Maajabu ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, maneno kama hayo hayasikilizwi tena kama hadithi za mafundi wazee. Nusu saa ile ningeilipia peke yake.

Sasa malalamiko. La kwanza ni lugha, nimeshalisema, na nalirudia kwa kuwa halihitaji fedha kulirekebisha. Mtu anayeuza historia ya Zanzibar kwa Wazanzibari kwa bei inayofahamika aandae maelezo yake kwa Kiswahili tangu nyumbani. La pili ni kosa la mwanzo: katika sentensi zake zile za kuhifadhi alisema ngome ilijengwa na Wareno, akalikanusha mwenyewe dakika ishirini baadaye alipofika kwenye ukuta wa kanisa. Ni kosa la kawaida mitaani, lakini ziara iliyouzwa kwa jina la historia ya kuta haina udhuru wa kulirudia. La tatu lilinikera zaidi. Zikiwa zimebaki dakika ishirini na tano, tulipelekwa kwenye duka la picha za kuchora na vikapu, tukaachwa na mwenye duka, na kijana akatoka nje kupiga simu. Muuzaji alikuwa muungwana na hakutulazimisha, lakini ami hakuja kutoka Pemba kununua picha ya twiga. Nilipohesabu, saa mbili zilikuwa saa moja na dakika thelathini na tano. Nilimwambia, akakubali, akatoa mzunguko mwingine wa nje bila malipo, na ndipo tulipoona yale ya uchochoro niliyoyataja. Ningependelea yawe ndani ya ratiba na duka liwe nje yake.

Ziara pia haina kupanda juu. Minara yote tuliitazama kutoka chini. Kwa ami ilikuwa nafuu. Mwenye kutaka kutembea juu ya kuta aulize mapema asije akavunjika moyo.

Nikipima yote, ningelipa tena, lakini kwa masharti. Mwambie mwongozaji kabla ya kutoa fedha kwamba unataka Kiswahili na hutaki duka. Fika saa mbili asubuhi, kabla jua halijageuza ukuta kuwa tanuri na kabla makundi ya watalii hayajajaza mlango. Omba vitu vitatu kwa majina: mguu wa ukuta chini ya mnara, mabaki ya kanisa katika ua mkubwa, na chokaa. Usiende Februari wakati wa tamasha, maana jukwaa na nyaya huwa mbele ya vitu ambavyo umekuja kuvitazama. Na ukiwa na mzee kutoka Pemba nenda naye, umwekee kiti, maana ngazi za ukumbi zinapata moto haraka na ami yangu alisimama robo saa nzima kwa sababu hapakuwa na pa kukaa penye kivuli.